Aliyeshika Usukani

Chai ndiyo iliyoanza. Mama Dagaa alimimina vikombe viwili, akaviweka mezani, na alipogeuka kuchukua sukari akaona chai ya mumewe imelala upande. Kikombe kilikuwa wima na meza ilikuwa sawa, ila chai yenyewe ilikuwa imepanda upande wa dirishani, kidogo tu imwagike. Ikakaa hivyo kwa muda, kisha ikashuka taratibu na kupanda upande wa mlangoni.

"Baba Dagaa, hebu tazama kikombe chako."

Mumewe akatazama. Chai ilikwisha kutulia tuli, haina habari.

"Nione nini? Sukari hujatia, hilo naliona."

"Ilikuwa inayumba."

"Anayeyumba ni wewe. Tangu tuuze mashua hukai kitini bila kushika ukingo wa meza. Nakuangalia tu, nanyamaza."

Mama Dagaa akautazama mkono wake. Kweli ulikuwa umeushika ukingo wa meza. Wakacheka wote wawili, wakanywa chai yao, mambo yakaishia hapo.

Walikaa ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, katika nyumba yenye ukumbi mwembamba na chumba cha kulala mwisho kabisa. Yeye alikuwa fundi wa kushona mapazia. Mumewe alistaafu kutoka kiwanda cha uchapaji, akatoka na magoti mabovu na masikio yaliyozoea kelele. Mtoto walikuwa naye mmoja, msichana, ambaye utotoni alikuwa mwembamba hata wakamwita Dagaa. Sasa alikuwa muuguzi mji mwingine, tena mwenye mwili wake wa kutosha, lakini jina lilimganda, na wazazi nao wakalibeba.

Mashua ilikuwa kuukuu. Walipoinunua ilikwisha kuzeeka, rangi imebambuka kote, na rafiki zao waliuliza kama wanataka kusafiri au kupasua kuni. Tanga lake alilishona Mama Dagaa kwa cherehani ileile ya mapazia, kiraka juu ya kiraka. Chini kulikuwa na kijumba cha kulala chenye jiko la mafuta ya taa ambalo halikuwaka mpaka libembelezwe, na paa lililovuja upande mmoja tu, upande wa Baba Dagaa. Mlingoti ulilia usiku kucha kama mlango wa stoo. Waliipenda mashua ile kuliko walivyopenda kusema. Kila mapumziko walipakia mtoto, mkate na viazi, wakatweka tanga na kuuacha mji ugombane wenyewe.

Kisha magoti yakakataa, wakauza. Aliyenunua aliipandisha nchi kavu, akaukata mlingoti na kuigeuza kibanda cha kahawa. Walikwenda mara moja kuiona. Baba Dagaa aliagiza kahawa akashindwa kuimeza, na Mama Dagaa akalia hadharani, mbele ya wateja, bila aibu.

Kwa hiyo nyumba ilipoanza kuyumba, hawakuogopa, na kosa lilianzia hapo. Harufu ya kamba za tanga zilizolowa ilipoingia ukumbini, Mama Dagaa alisimama akaivuta kwa pua zote. Taa ya juu ya meza ilipoanza kwenda huku na huku, dirisha likiwa limefungwa, Baba Dagaa aliifuata kwa macho akitabasamu. Na alasiri moja, mtaa ukiwa umechangamka kwa honi na makelele ya wauzaji, walisikia maji yakipiga ukuta wa chumba cha kulala, kofi baada ya kofi, polepole, kama yalivyokuwa yakipiga ubavu wa mashua wakati wamelala. Nje ya ukuta ule hapakuwa na kitu, hewa tu mpaka chini barabarani. Wakaegemeza masikio yao ukutani wakatazamana.

"Unasikia?" akanong'ona mume.

"Nasikia. Usiseme kwa mtu, watatufunga."

Wakawa wanakaa sebuleni kila alasiri kuikumbuka mashua, na kila walipokumbuka jambo, nyumba iliwajibu. Walipoizungumza ile mvua iliyowanyeshea wakashikilia turubai kwa meno, paa lilidondosha matone juu ya kiti cha Baba Dagaa. Walipolizungumza lile jiko, harufu ya mafuta ya taa ilijaa jikoni. Waliona raha, kwa nini niwasingizie? Mtu akirudishiwa alichokililia hakagui mkono uliokileta.

Basi wakafika kwenye hadithi yao kubwa, ile waliyowahi kuwasimulia wageni wote mpaka wageni wakaijua kwa moyo.

Mashuani mwao palikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Aliyekuwa kwenye usukani, akichoka, humwambia mwenzake, "Shika." Mwenzake akishaukamata mkono wa usukani hujibu, "Nimeshika." Kabla ya jibu hilo huachii, hata ukiwa unakufa kwa usingizi. Baada ya jibu hilo unakwenda kulala na hakuna wa kukuuliza. Hata Dagaa alilelewa hivyo. Alijua kujibu "nimeshika" kabla hajajua kuhesabu.

Sasa, safari moja walikuwa wanarudi usiku, Dagaa mdogo amelala chini. Mama Dagaa alikuwa kwenye usukani, macho yanamfunga. Akasema, "Shika." Nyuma yake akasikia, "Nimeshika," kwa sauti ya mumewe, akateremka kijumbani bila kugeuka, akajitupa. Alfajiri alipoamka, mumewe alikuwa ubavuni kwake anakoroma, mtoto kati yao. Wakapanda juu mbio. Usukanini hapakuwa na mtu. Tanga lilikuwa limejaa upepo na mashua ilikuwa inaingia bandarini, imenyooka kama imechorewa mstari.

"Si ulinijibu wewe!" Mama Dagaa alisema tena alasiri hiyo, kama alivyosema miaka yote.

"Nilikuwa nakoroma, mama! Anayekoroma anajibu?"

"Basi nani aliyejibu?"

"Mashua yenyewe. Ilijua njia ya nyumbani." Baba Dagaa akacheka mpaka akapangusa macho. "Na tangu siku ile, unakumbuka usukani ulivyokuwa mwepesi? Unaweka kidole tu. Kama kuna mtu anakusaidia."

Taa ya juu ya meza ikasimama. Maji ukutani yakanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba kukaa kimya tangu mambo yaanze, na Mama Dagaa hakuupenda ukimya ule.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alikuwa jikoni anaosha vyombo, mikono imejaa povu, mumewe akisinzia sebuleni. Ukumbini, hatua chache tu kutoka alipokuwa, mtu akasema, kwa kuchoka sana, "Shika."

Ilikuwa sauti yake. Si sauti iliyofanana na yake; ilikuwa yake hasa, na kile kikwaruzo alichonacho akiwa na usingizi. Na kabla hajafumbua mdomo akamsikia mumewe, katikati ya usingizi wake, akijibu kwa mazoea, "Nimeshika."

Sahani ikamponyoka. Alipofika sebuleni Baba Dagaa alikuwa amefumbua macho, mkono wake wa kulia umenyooka kando ya kiti, vidole vimekunjwa kuzunguka kitu ambacho hakikuonekana.

"Wewe ndiye uliyeniambia nishike," akasema.

"Mimi nilikuwa jikoni."

Wakatazamana. Ndipo wakazisikia nyayo ukumbini, nyayo za maji, nzito, zinazoburutwa, za mtu aliyesimama muda mrefu mno bila kupumzishwa. Zikapita mlango wa sebule bila mpitaji kuonekana, zikaacha alama zilizolowa sakafuni moja baada ya nyingine, zikaingia chumbani kwao. Kitanda kikalia. Mtu akashusha pumzi ndefu, pumzi ya raha, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma.

Mama Dagaa alijipa moyo akaenda kuchungulia. Upande wake wa kitanda shuka ilikuwa imetuna umbo la mtu aliyejikunja, nayo ilipanda na kushuka kwa pumzi, na maji yalichuruzika kutoka ukingoni mwa godoro yakatiririka chini ya kabati. Akaufunga mlango polepole, kama mama anayeogopa mtoto asiamke.

"Achia," akamnong'oneza mumewe. "Achia tutoke."

Baba Dagaa akafumbua vidole, na nyumba ikapinduka. Kabati la vyombo likafunguka likatapika kila kilichokuwamo, kiti kikateleza na aliyekikalia, na dirishani Mama Dagaa aliona mbingu tupu, kisha barabara yote ikiinuka wima mbele yake na watu wake na mikokoteni yake, nao wakitembea bila wasiwasi kama nzi ukutani, akaanguka, akagonga bega, akapiga kelele, "Shika! Shika!" mpaka mumewe alipotambaa akakipapasa tena kitu kile kisichoonekana na kukikamata. Nyumba ikarudi sawa. Chini, dukani, mtu alikuwa anacheka na mteja. Hata kopo moja la rangi halikuwa limeanguka.

Walijaribu tena na tena, na ikawa vilevile. Mama Dagaa aliweza kutoka, kununua mkate na kurudi, maadamu mumewe ameshika. Mumewe hakuweza kuinuka. Hakuweza kusinzia. Kiti kilikuwa kile cha kawaida chenye mto alioushona mkewe, na hapo ndipo alipofungiwa.

Mganga aliyeletwa na Mama Dagaa alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mkoba wa ngozi na maneno machache. Alivuka kizingiti akayumba, akashika ukuta, akaomba kuonyeshwa sinki, akatapika. Alipojifuta mdomo akaenda hadi mlango wa chumbani, akasikiliza mkoromo, akarudi na mkoba wake bila kuufungua.

"Nielezeni kila kitu," akasema kwa sauti ya chini. Walipomweleza, akatikisa kichwa. "Mimi natoa jini aliyeingia. Huyu hakuingia, mlimpa kazi. Alishika usukani wenu usiku ule, mkamwacha humo miaka yote mkijisifu kwa wageni. Hakuna aliyempokea. Mmeuza chombo, akafuata waliomwajiri ili akabidhi."

"Basi mwamshe achukue zamu yake!" alisema Mama Dagaa.

"Nani, mimi?" Mganga akamtazama. "Mama yangu, nimekaa katika kazi hii mpaka nimezeeka. Anayetaka mbuzi nitampa mbuzi, anayetaka ugomvi nitagombana naye. Huyu anataka kulala tu. Aliyelala hasikii dua wala haoni ubani. Na akiamshwa kwa lazima, kwa uchovu ule, sitaki kuwepo." Akafunga kitambaa chake vizuri. "Pokezaneni, nyumba isilale upande. Usingizi mzito wa mwanzo umekwisha; ikilala tena ataamka. Ila wawili huchoka, naye anajua. Atatamani wa tatu. Kuna mwingine anayejua maneno yenu hayo?"

Mama Dagaa akajibu, "Binti yetu."

"Asikanyage hapa," alisema mganga, akashuka ngazi akijishikilia, hakudai hata nauli.

Baba Dagaa alikataa kupokewa. Ubishi wake Mama Dagaa aliujua tangu ujana wao, lakini safari hii ulimtia uchungu. Macho yake yalikuwa mekundu, ndevu zimemwota ovyo, na bado alitikisa kichwa.

"Niambie shika," mkewe alimsihi.

"Sisemi."

"Unataka nikutazame unavyokufa kitini?"

"Nikikupa wewe nitakuwa nimekufunga kwa mkono wangu. Sisemi, mama. Niletee chai."

Alipomletea, kidevu kilikuwa kifuani. Nyumba ilikwisha kuanza kulala, taratibu, vijiko vikiteleza mezani kimoja kimoja, pazia likiachana na dirisha na kuning'inia katikati ya chumba, na huko mwisho wa ukumbi mkoromo ukakatika, kitanda kikalia, na mtu akakohoa kikohozi cha hasira, cha aliyekatishwa usingizi wake, kisha miguu miwili iliyolowa ikagusa sakafu, na mpini wa mlango wa chumbani ukaanza kuzunguka.

"Baba Dagaa!"

Akazinduka, akauvuta usukani kwake, nyumba ikainuka. Mpini ukasimama. Walingoja, wameshikana, mpaka kitanda kilipolia tena na mkoromo kurudi.

"Shika, mke wangu," Baba Dagaa akasema, machozi yanamtoka.

"Nimeshika."

Aliuhisi usukani papo hapo. Ulikuwa mti uleule, mbichi na baridi, na palepale pa kidole gumba palikuwa pamelika kwa miaka ya kidole chake mwenyewe. Alihisi mashua nzima ikivuta mkononi mwake kama zamani. Na kwa muda mfupi, hilo lilimtia hofu kuliko yote, Mama Dagaa alifurahi.

Wakaishi hivyo. Mmoja kitini, mwingine kwenye godoro walilolitandika sebuleni, maana chumbani hakuna aliyethubutu kuingia. Mapazia ya watu yalirundikana bila kushonwa, wateja wakagonga wakachoka. Dagaa alipopiga simu, aliambiwa baba ana mafua, kisha mama ana wageni, kisha nyumba inapakwa rangi. Mtoto aliyesomea kuuguza watu hadanganyiki kwa mafua.

Alikuja alasiri. Mama Dagaa alikuwa kwenye zamu, Baba Dagaa amelala fofofo kwenye godoro. Mlango wa mbele ulikuwa karibu na kiti, hata alizisikia pumzi za bintiye kutoka kwenye ngazi.

"Mama? Ni mimi. Fungua, nimechukua likizo. Nimekuja kumtazama baba."

Mama Dagaa aliutazama mlango. Kama angejibu kwa upole, mtoto angebembeleza. Kama angelia, mtoto angevunja mlango. Alimfahamu. Akatafuta moyoni mwake jambo moja ambalo Dagaa asingeweza kulistahimili, na alikuwa mama yake, kwa hiyo alilipata mara moja.

"Nani kakuita?" akasema.

"Mama?"

"Tumekuuliza hali? Tumekuomba kitu? Tumepumzika ulipoondoka, sasa unatufuata nini?"

"Mama, nini kimetokea? Unaumwa?"

"Hata kwenye mashua ulikuwa mzigo. Unatapika, unalia, tunakubeba. Siku zote tulitamani twende wawili. Baba yako anasema hivyo hivyo. Rudi ulikotoka, Dagaa, na usipige simu."

Nje mfuko ukawekwa sakafuni, taratibu, na matunda yakagongana ndani yake. Nyayo za Dagaa zikaanza kushuka, zinakosea ngazi kama za mtu asiyeona mbele.

Mama Dagaa alijiziba mdomo kwa mkono wa kushoto, akauma kiganja. Kwenye godoro Baba Dagaa alikuwa amefumbua macho. Alikuwa amesikia yote, na machozi yalimshuka masikioni.

"Umefanya vizuri," akanong'ona. "Umefanya vizuri, mama. Amekwenda. Amepona."

"Ameumia."

"Amepona."

Nyayo zilifika ghorofa ya pili. Mama Dagaa alizifuata kwa masikio, kila ngazi, na kifua chake kikaanza kulegea, na ni katika kulegea huko alipogundua kwamba anazisikia vizuri mno, kwamba hakuna kitu kingine chochote kinachosikika ndani ya nyumba, kwamba mwisho wa ukumbi, kule ambako usiku na mchana hapakuacha kukoroma, palikuwa kimya.

Baba Dagaa akageuza kichwa. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Alama za maji zilitoka kitandani, zikapita ukumbi wote, zikapita kando ya godoro lake, karibu kabisa na uso wake, zikaishia kwenye mlango wa mbele, na huko hazikurudi.

Na nje, kwenye ngazi, sauti ya Mama Dagaa ikaita, ya upole, yenye kicheko cha mbali ndani yake.

"Dagaa! Dagaa wangu! Unakwenda wapi, mwanangu? Nilikuwa nakutania."

Nyayo zikasimama.

"Usirudi!" Mama Dagaa akapiga kelele kwa nguvu zake zote, lakini maji yalikuwa yameanza kupiga kuta, kuta zote kwa pamoja, makofi makubwa yaliyoimeza sauti yake mdomoni mwake, na Baba Dagaa alikuwa anatambaa kwa yale magoti yake kuelekea mlangoni, akauvuta, akaupiga bega, mlango umevimba kwa maji hausogei, na yeye, mama, hakuweza kuinuka kitini kwa sababu ameshika, na akiachia wote wamekwisha, na mtoto akiwa ngazini.

"Njoo, mwanangu," sauti yake ikasema tena kule nje. "Njoo unipokee kidogo, nimechoka."

Nyayo zikaanza kupanda, mbilimbili, haraka haraka. Dagaa hakuwa mtoto wa kununa. Tangu utotoni, akiitwa na mama yake, hajawahi kuchelewa.